Kutembea Ujiji kwa kufuata mwezi

Anayetaka kutembea mitaa ya Ujiji na kuielewa, aanze kwa kujua mwezi umefikia wapi angani. Hilo hakuna aliyenidokeza nilipohamishiwa Kigoma kikazi. Nimelijua kwa miguu, Jumamosi hadi Jumamosi, nikitoka Mwanga ninakokaa na kuteremka taratibu kuelekea mji mkongwe. Mimi nimekulia Temeke, Dar es Salaam, ambako huwezi kutembea hatua mia bila bodaboda kusimama na kukuuliza unaenda wapi. Huku nimejifunza kutembea bila kwenda popote, na katika kutembea huko nimegundua kwamba mtaa hautulii bure. Ukiona kumetulia, ipo sababu, na ukiijua sababu umeujua mtaa.

Kigoma-Ujiji ni manispaa moja ila ina miji miwili ndani yake. Kigoma mjini ni mji wa reli na bandari. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na jengo la stesheni walilojenga Wajerumani bado limesimama pale chini karibu na maji. Ndiyo maana huku panaitwa mwisho wa reli. Ujiji ni mkubwa wake kwa umri. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, tayari lilikuwa gulio linalojulikana hadi pwani, watu wakikutana hapo kwa pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, samaki, na biashara ya watu. Katikati ya miji hiyo miwili, kilimani, ndiko Mwanga: soko, maduka, vituo vya magari, makelele ya kila namna. Mwanga nitaupita haraka, maana anayetaka shughuli ataiona mwenyewe.

Matembezi yanaanza pale unapoiacha lami. Upande wa Ujiji kuna njia nyingi za udongo mwekundu zinazopita kati ya nyumba, na karibu kila njia ina mchikichi au mwembe mahali fulani. Nyumba nyingi ni za matofali ya udongo na bati lililoshika kutu, zina baraza mbele na ua nyuma. Saa ninayoipenda ni kuanzia saa nane mchana, jua likiwa kali bado lakini vivuli vimeanza kurefuka. Ukipita wakati huo Kasingirima au Kitongoni katika siku za giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo au unatoka alfajiri, utakuta mitaa imenyamaza kabisa. Milango iko wazi, mapazia yanapepea, kuku wanachakura, ndoo zimepangwa kwenye baraza, lakini sauti ya mtu mzima huisikii.

Dar pia kuna mitaa iliyotulia. Nenda Masaki au Oysterbay mchana utaiona. Ila kule ukimya umejengewa ukuta, ukawekewa geti na mlinzi. Hapa milango iko wazi na ukimya uko uleule, na hilo ndilo lililonivuta.

Aliyenifungulia fumbo ni mama mmoja niliyemkuta uani kwake, mbele ya jiwe bapa, akivunja kokwa za chikichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Salimia polepole, wenyewe wamelala."

"Wanaumwa?"

"Hawaumwi. Wamerudi alfajiri kutoka ziwani. Usiku wanatoka tena."

Akanisogezea kigoda, nikakaa, tukazungumza kwa sauti ya chini. Wanawe wawili walikuwa ndani, na nyumba ya jirani ilikuwa na wengine. Karibu mtaa mzima wa wanaume ulikuwa usingizini saa tisa alasiri, kwa sababu kazi yao ni ya usiku na mwezi haukuwepo.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, na dagaa huishi katika maji ya wazi, mbali na ukingo. Wavuvi hufunga mitumbwi miwili pamoja kwa miti, wakaning'iniza taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Vijidudu vidogo vya majini hufuata mwanga, dagaa huvifuata vijidudu, na mgebuka, samaki mkubwa kuliko wao, huwafuata dagaa. Wavu unakuwa umeshushwa chini mapema, na samaki wakishajaa juu yake unavutwa wote kwa pamoja. Sasa mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, na taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya. Kwa hiyo siku za giza ni siku za kazi, na siku za mbalamwezi ni siku za nyumbani.

Nilipolijua hilo, mitaa ikaanza kusomeka. Katika siku za giza watoto hufukuzwa kwenye madirisha wakacheze mbali. Redio huwekwa chini. Anayebisha hodi hubisha kwa sauti laini, na anayemwita mwenzake humfuata hadi alipo badala ya kupaza sauti kutoka njiani. Mama yule alivunja kokwa zake juu ya gunia lililokunjwa mara kadhaa ili jiwe lisigonge kwa kishindo. Nilimtazama kwa muda mrefu. Anashika kokwa kwa vidole viwili, anaisimamisha, pigo moja la jiwe dogo, ganda linapasuka na mise, yaani kiini cha kokwa, inatoka nzima. Ikivunjika anaitupia kwenye sufuria nyingine. Pembeni palikuwa na pipa jeusi kwa masizi ambalo siku mbili kabla alichemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zikapondwa na kukamuliwa mawese, na hizo kokwa ndizo masalia. Mise hukamuliwa mafuta yake mengine, na mengi ya hayo huishia kwenye sabuni. Katika chikichi hakitupwi kitu: hata makapi yaliyobaki baada ya kukamua ndiyo yatakayowasha moto wa pipa lijalo.

Mambo yote hayo nisingeyaona nikiwa ndani ya bajaji. Bajaji kutoka Mwanga hadi Ujiji ni safari fupi, na mtu akipita nayo atasema Ujiji hakuna kitu, watu wamelala. Ni kweli wamelala, na mji mzima unafanya bidii walale vizuri.

Rudi mtaa uleule mwezi ukiwa mpevu. Hapo utashangaa. Wanaume wako nje, mabaraza yamejaa, bao linachezwa, mtu anakata nywele chini ya mwembe, ugomvi wa mpira unasikika kutoka njia ya tatu. Nyavu zimetandazwa kutoka mchikichi mmoja hadi mwingine zikizuia njia, na unainama kupita chini yake huku ukiomba radhi. Kijana mmoja alikuwa ameketi chini, ameubana wavu kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike, mkononi ana kijiti bapa kilichozungushiwa uzi wa nailoni. Anatafuta tundu lililochanika, anakata kingo zake kwa wembe hadi ziwe safi, kisha anaanza kufunga fundo moja baada ya jingine. Nilimuuliza kwa nini anaupanua mchaniko kabla ya kuuziba. Akanijibu bila kuinua macho: "Kaka, ukishonea pabovu patachanika palepale." Wavu wa dagaa una matundu madogo sana, kwa hiyo mchaniko wa kiganja kimoja unaweza kumla asubuhi nzima.

Siku hizo za mbalamwezi ndizo ninazozipenda kwa mazungumzo, na siku za giza nazipenda kwa kutembea. Nikipata mgeni kutoka Dar humuuliza kwanza anataka kipi.

Upo ukimya mwingine, na huo uliniuma. Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Lengo lilikuwa samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe. Wavuvi wenye umri mkubwa niliozungumza nao wote walikuwa wakilalamika kwamba wanakwenda mbali zaidi na kurudi na kidogo zaidi, na mtu anayekula mtaji hawezi kusubiri faida. Lakini niliitembea mitaa ileile miezi ile, na ilikuwa mingine. Usiku, ukisimama mahali pa juu katika siku za giza, kwa kawaida unaziona taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji wa pili ng'ambo ya maji. Safari hii hapakuwa na hata moja. Mchana wanaume walikuwa macho, wameketi barazani, na bado palikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa analala, hakuna aliyekuwa anashona wavu kwa haraka, na bao lilichezwa bila ubishi.

Kilichonifungua macho ni kuona ni watu wangapi wanaishi kwa usiku wa wengine. Tukisema wavuvi tunafikiria mwenye mtumbwi na watu wake. Ila yupo mama anayenunua beseni la dagaa alfajiri na kuwaanika, yupo anayefagia na kugeuza dagaa kwenye kichanja jua likipanda, yupo wa chapati na chai anayefungua saa kumi usiku kwa ajili ya wanaorudi, yupo anayechaji betri za taa, yupo wa magunia, yupo wa mkokoteni. Muuza chapati niliyemzoea alifunga meza yake wiki ya pili. Alihamia kwenye kuponda muhogo wa unga, na ziwa lilipofunguliwa hakurudi palepale, ilimbidi akope upya. Nadhani mpango wowote wa kulipumzisha ziwa ungepaswa kuanza na orodha ya watu wa namna yake, kisha ndipo wahesabiwe wenye mitumbwi. Orodha hiyo haiandikwi ofisini. Inabidi mtu atembee saa kumi usiku kuanzia fukweni hadi juu, aone nani ana moto jikoni.

Sasa niseme kuhusu mnara. Mgeni yeyote anayefika Ujiji hupelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone, mahali panaposemwa ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871, kwenye miembe ambayo ni uzao wa mwembe wa wakati ule. Pana utulivu mzuri, pana makumbusho, na mtu asipite bila kuingia. Hata hivyo mimi humkumbuka zaidi Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyemkimbilia Stanley njiani kumpokea, na ambaye miaka miwili baadaye, pamoja na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo. Kutembea kwao sikufananishi na kutembea kwangu kwa namna yoyote. Nasema tu kwamba katika mji huu watu wengi walifika kwa miguu, na wengi wao hawakupenda kuja.

Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya kati ya misafara kwa upande huu wa ziwa, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kwihara karibu na Tabora. Njia hiyo imo tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Ujiji ni mojawapo ya vituo vyake. Watu waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine minyororoni, wengine wapagazi, wengine wafanyabiashara kwa hiari yao, waliacha hapa kizazi kikubwa cha Wamanyema, na Kiswahili cha Ujiji na Uislamu wake vina mkono wao. Hapa nimejifunza adabu moja. Mtu haulizwi babu yake aliletwa au alikuja. Ukikaa barazani vya kutosha utasimuliwa kile unachostahili kusimuliwa, na kisichosimuliwa si chako. Niliwahi kumsikia bibi mmoja akitaja mji wa babu yake huko Kongo, akanyamaza, akaomba aletewe maji ya kunywa. Hakuna aliyemwongezea swali. Mjukuu alileta maji, mazungumzo yakaendelea na bei ya sukari.

Kitu kingine ambacho mnara hausemi, lakini miguu inasema, ni umbali. Ukisimama pale kwenye miembe ukitafuta ziwa, hulioni miguuni pako. Inabidi uteremke kidogo, upite nyumba na vichaka, ndipo ufike majini. Wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi. Mlango wa ziwa kwa upande wa Kongo, Mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na mimea na tope. Mpelelezi Mwingereza Cameron aliuona katika hali hiyo mwaka 1874, na ziwa likawa linajaa bila kupata pa kutokea. Mnamo mwaka 1878 maji yakaivunja ile kinga, yakamwagika kuelekea Mto Lualaba, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Mmisionari Edward Hore, aliyeingia Ujiji mwaka huohuo wa 1878, aliandika jinsi maji yalivyokuwa yakirudi nyuma. Ardhi iliyobaki wazi ndiyo iliyokuja kulimwa na kujengwa.

Nilipomweleza haya mzee mmoja wa Kitongoni, mtu mzima wa kofia na fimbo, ambaye huketi nje ya msikiti baada ya alasiri, hakushangaa hata kidogo.

"Baba yangu alituonyesha," alisema. "Alisema hapa chini ni mali ya ziwa, limetuazima."

"Na nyinyi mlijenga wapi, mzee?"

"Juu. Baba alikataa kabisa chini. Wenzetu walimcheka."

Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena kwa mvua nyingi. Kwenye fukwe za chini, Kibirizi, Katonga na kwingineko, maji yaliingia kwenye nyumba na kwenye maeneo ya shughuli, na nilishuhudia kuta zimesimama ndani ya maji, madirisha yakiwa usawa wa mawimbi. Nilipopita na mzee yule taratibu, maana mwendo wake ni wa fimbo, alinionyesha alama ambazo nisingeziona peke yangu: mahali udongo mwekundu unapoishia na mchanga wa ziwa unapoanza, ambao una vipande vya konokono ndani yake ingawa uko mbali na maji, mahali miembe mikubwa inapokoma na chini yake kuna michikichi michanga tu, kisima kimoja ambacho maji yake hupanda na kushuka pamoja na ziwa. Alikuwa anasoma mstari wa ufukwe wa zamani barabarani, mbele ya nyumba za watu, wakati bodaboda zinatupita pande zote mbili.

Baada ya siku ile nimekuwa nikiutafuta mstari huo kila nikitembea. Mahali pengine unaonekana waziwazi, pengine umefukiwa na ujenzi. Huwa nachukua kipande cha mchanga, nakipekua kiganjani, nikikuta ganda la konokono najua niko upande gani.

Mwaka jana kijana mmoja wa ofisini kwetu alipata kiwanja upande wa chini, bei nzuri, ufukwe unaonekana, na muuzaji akimharakisha. Aliniomba niende nikamwangalizie kwa kuwa anajua nazunguka sana huko. Sikumwambia chochote kuhusu Lukuga. Nilimpeleka Jumamosi, tukateremka kwa miguu kutoka Mwanga, tukamkuta mzee barazani, nikamwacha amwamkie na aulize mwenyewe. Mzee aliuliza kiwanja kiko mbele au nyuma ya mwembe wa madrasa. Kijana akasema mbele. Mzee akamwomba amsaidie kusimama, tukaenda wote watatu hadi pale, na alipofika akachimba mchanga kwa ncha ya fimbo, akauinua kwa kiganja, akamwonyesha. Kijana hakulipa. Amejenga upande wa juu wa barabara, chumba na sebule kwanza, na ukuta wa ua bado hajaupandisha.